Mkitaka Waislamu na Wakristo wa mtaa waelewane, nunueni masufuria

Kuna vijana wa Nachingwea wameniuliza wafanyeje ili watu wa dini tofauti mtaani kwao wakae vizuri, nikaona bora niandike moja kwa moja hapa na wengine wasome.

Nianze kwa kuwaudhi watu wa makongamano. Ukumbi, bango kubwa nyuma, shehe kulia padri kushoto, soda, posho, picha ya pamoja halafu kila mtu kwao. Nimekaa kwenye hizo shughuli sana tu na sijaona hata moja iliyomfanya mama Mkristo wa mtaani kwetu hapa Masasi amuulize jirani yake Muislamu kile kitu alichokuwa anaogopa kumuuliza. Viongozi wenyewe wanajuana toka zamani, wanasalimiana, wanazikana, tatizo haliko kwao, tatizo liko kwa vijana na kwa sisi tunaopishana getini kila siku hatuongei.

Na huku kusini watu wamechanganyika mno, unakuta mtu anaitwa Hamisi Yohana na hamna anayeshangaa, baba mdogo alhaji, shangazi yuko umoja wa wanawake Anglikana. Hata jando, Waanglikana wa Masasi chini ya Askofu Vincent Lucas, yule aliyewekwa askofu 1926, hawakulipiga marufuku, walikaa na wazee wakatengeneza jando la Kikristo. Kwahiyo mtu asije akatufundisha kuishi pamoja kama vile tumeshuka jana kwenye basi.

Ushauri wangu basi ni huu, milikini kitu pamoja. Sisi tulianza na vyombo vya misiba kwasababu msiba haukwepeki, wa Muislamu anazikwa haraka mara nyingi siku hiyohiyo, wa Mkristo mnaweza kusubiri ndugu watoke Dar hata siku mbili tatu, ila pande zote mnahitaji sufuria kubwa, turubai, mikeka na madumu ya maji, na wote mlikuwa mnakodi kwa bei ya kuumiza. Mkichanga mtaa mzima vyombo vinakuwa vya wote. Hapo ndo kazi inaanza sasa, maana lazima mkae mpange vinatumikaje na kuna swali mtakwepa mkwepe litarudi tu, la kitimoto.

Kwetu lililipuka kikaoni. Mzee mmoja akasema masufuria yasipikiwe nguruwe wala yasiwekwe pombe, mama mmoja wa jumuiya akainuka kwa hasira, "Kwani baba, sisi vyombo vyetu vichafu?" Watu kimya. Bahati nzuri kulikuwa na ustadhi wa madrasa mtu mtaratibu sana, akamjibu, "Hapana mama yangu, sijasema mchafu wewe, nakwambia mimi nikishajua sufuria imepikiwa nguruwe msibani kwako nitakuja, nitabeba jeneza, ila chakula chako sitakula, na mimi nataka nile." Yule mama akakaa, baadaye akauliza na mambo ya kuchinja, kwanini lazima achinje Muislamu, akaelezwa, na yeye akaeleza kwanini Ijumaa Kuu hataki kusikia nyama. Saa nzima watu wanaulizana vitu walivyoishi navyo miaka yote. Kongamano gani litakupa hiyo? Mwisho ikaandikwa kwenye daftari, vyombo vya mtaa hakuna kitimoto hakuna pombe, anayetaka mambo yake sikukuu atumie sufuria yake ya nyumbani, na ng'ombe wa shughuli ya wote anachinjwa na Muislamu ili kila mtu ale. Msiandike sheria kabla ya hiyo mizozo, acheni watu waseme kwanza.

Ratiba nayo angalieni. Ijumaa mchana usiitishe kitu, Jumapili asubuhi usiitishe, na Jumamosi ambayo kila mtu anaikimbilia mnawaacha Wasabato nje halafu mnasema wao ndo hawashirikiani, sio haki hata kidogo. Sisi tunatumia sikukuu za serikali, Muungano tarehe 26 Aprili ni nzuri kwa usafi wa makaburi, ya Waislamu na ya Wakristo. 2025 Ramadhani na Kwaresima zilipishana siku chache tu kuanza, kwahiyo wote mmefunga, hapo usipange bonanza la mpira saa tisa jua kali, pangeni futari.

Kuchangia damu pia kunaunganisha, watu wa huku wote wanakimbilia hospitali ya Mkomaindo au ya Ndanda akizidiwa mzazi, na Ndanda ni hospitali ya wamisionari ila foleni pale kanzu na misalaba imejaa hivyohivyo. Sema msiweke Ramadhani mchana, na mkumbuke mwanaume anarudia baada ya miezi mitatu mwanamke minne, kwahiyo zoezi la kila mwezi mtachokana bure.

Kuna kijana mmoja lazima atatokea, kaangalia mihadhara kwenye simu wiki nzima, anataka mkutano wa usafi ugeuke mdahalo wa Biblia na Kurani. Kama ni wa kanisani asijibiwe na Muislamu, mzee wake wa kanisa ndo amvute pembeni, na wa msikitini vilevile. Ukiacha upande wa pili umjibu umeshapoteza siku.

Hela iwe na daftari moja na watunzaji wawili, mmoja kila upande, na vyombo vikae kwa mtu asiyegombana na watu, kwetu vipo kwa bibi mmoja ambaye hata mwenyekiti anamuogopa.

Na msianze kuchangisha mwezi wa tano mfukoni hamna kitu. Subirini minada ya korosho ianze kuanzia mwezi wa kumi, AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ikishalipa watu ndo mpite nyumba kwa nyumba, ila pitieni asubuhi, jioni msimu wa mabibo wengine wameshakunywa uraka, pombe ya mabibo hayohayo ya korosho, na mtaahidiwa turubai la milioni ambalo hamtaliona.