Nikiwa na mafua, niende Mahale au nisiende?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa masomo ya wanyamapori. Darasa letu limekubaliwa kuzuru kambi ya watafiti wa sokwe katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, na nauli ya boti kutoka Kigoma nimeshalipa. Tumeambiwa kwamba mwenye kikohozi au mafua atabaki. Je, huo si ukali uliopita kiasi, ikiwa wote tutavaa barakoa?
Msomaji, Tabora

JIBU: Ndugu msomaji, naielewa hamu yako, maana Mahale si mahali pa kupitia njiani: ndani ya hifadhi hakuna barabara, na mgeni hushuka ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kisha akaupanda msitu kwa miguu. Hata hivyo, ukiamka unakohoa, usiende. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliua sokwe kadhaa wa kundi la M, ambalo ndilo linalofuatwa na watafiti na wageni, na vipimo vilionyesha virusi vya jamii ya vile vinavyotuambukiza sisi binadamu. Barakoa, umbali wa mita 10 kutoka kwa sokwe na muda wa saa moja wa kuwatazama ni kinga dhidi ya mtu anayejiona mzima kumbe amebeba maradhi. Hazikuwekwa ili mgonjwa apate ruhusa.

Fikiria pia kinachoweza kupotea. Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza utafiti huko mwaka 1965, miaka 20 kabla ya hifadhi kuanzishwa, na Watongwe, wenyeji wa milima hiyo, wamekuwa nguzo ya kazi hiyo. Mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa dawa za miti, walimfuata sokwe jike mgonjwa aitwaye Chausiku, wakamwona akimenya chipukizi la mmea uitwao mjonso, akitafuna kiini chake kichungu, akifyonza maji yake na kutema makapi. Kesho yake alikuwa amepata nafuu. Watongwe nao huutumia mjonso huohuo kutibu maradhi ya tumbo. Jambo kama hilo huonekana tu pale ambapo kila sokwe anajulikana kwa jina na kwa tabia yake ya miaka mingi.

Mweleze msimamizi wenu mapema, na umwombe nauli yako ihamishiwe safari nyingine, ikiwezekana kati ya Agosti na Oktoba, kiangazi, ambapo sokwe huonekana zaidi kwenye miteremko ya chini.