Swali la Lugha: Kushindilia, kukamuka na asilimia 112 za maji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi ujenzi, mwaka wa pili. Kikundi chetu kimepima udongo wa kiwanja cha zahanati mkoani Shinyanga, na tumetakiwa kuandika muhtasari wa Kiswahili utakaosomwa na kamati ya ujenzi ya kijiji. Rasimu yetu tumeiambatisha. Tumekwama mahali patatu. Kwanza, kamusi inatupa “kugandamiza” kwa kipimo cha Proctor (cha kupiga udongo kwa nyundo) na inatupa neno hilohilo kwa kipimo cha odomita (cha kuuelemea udongo kwa mzigo), ilhali darasani ni vitu viwili. Pili, tumeandika “udongo una unyevu wa asilimia 112”, na katibu wa kamati ameuliza kitu kinawezaje kuwa na maji kuliko chenyewe kizima. Tatu, vile vikomo vya Atterberg, yaani viwango vya maji ambapo udongo hubadilika kutoka hali moja kwenda nyingine, tuviiteje? Mwenzetu ameandika “kikomo cha plastiki” na kila anayesoma anacheka.

JIBU: Marahaba. Nianze na katibu, kwa sababu swali lake ni zuri kuliko mlivyolichukulia, na kosa si la hesabu. Ni la sentensi.

Mtu akisikia “asilimia ya unyevu” anaelewa sehemu ya kitu kizima. Ndivyo inavyosemwa kwenye mahindi: gunia likiwa na unyevu wa asilimia 13, maana yake kila kilo 100 za mahindi yalivyo zina kilo 13 za maji. Kwenye nafaka hesabu hiyo haiwezi kufika 100. Maabara ya udongo inagawanya kwa kitu kingine, yaani udongo mkavu peke yake. Chukueni kopo moja la vipimo: kopo tupu gramu 21.40, kopo na udongo wenye maji gramu 63.80, baada ya kukaa kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi 110 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike tena, kwa kawaida usiku kucha, kopo na udongo gramu 41.40. Maji yaliyoondoka ni gramu 22.40. Udongo mkavu ni gramu 20.00. Gawanyeni, mnapata 112. Kwa hesabu ya mahindi udongo huohuo ungekuwa na asilimia 52.8 tu.

Katibu anaijua hesabu yenu, ila anaifanya jikoni. Mchele kikombe kimoja, maji vikombe viwili, na hakuna anayeshangaa kwamba maji ni asilimia 200 ya mchele. Kwa hiyo andikeni: “kila kilo 100 za udongo mkavu zimebeba kilo 112 za maji”. Ndani ya jedwali mnaweza kubaki na “kiwango cha unyevu”, mradi maelezo ya juu yaseme mara moja kwamba asilimia zote ni za udongo mkavu. Kiswahili kinakudai useme asilimia ya nini; ukiiacha hiyo “ya”, msomaji ataijaza mwenyewe, na ataijaza kwa kitu kizima.

Hapohapo nimeona mmeandika “udongo mbichi” mkimaanisha wenye maji. Nguo mbichi ni nguo ambayo haijakauka, sawa, lakini tofali bichi ni tofali ambalo halijachomwa, hata kama limekaa juani mwezi mzima. Neno hilo mbele ya wajenzi litaleta ubishi wa bure. Semeni “udongo wenye maji yake ya asili”.

Sasa kugandamiza. Kamusi haikuwadanganya; imewapa neno la jumla. Kugandamiza ni kukibana kitu kwa kukielemea, basi, awe ni mtu anayefunga sanduku lililojaa nguo au ukuta unaoelemea msingi. Linafaa pale ambapo hamtaki kusema kimetoka nini ndani ya udongo. Vipimo vyenu viwili vinatofautiana hapo hapo: katika kimoja kinachotoka ni hewa, katika kingine kinachotoka ni maji.

Kwa kipimo cha Proctor neno lipo siku nyingi: kushindilia. Mafundi wanashindilia kifusi, wanashindilia sakafu kabla ya kumwaga zege, na wazee wanaijua bunduki ya kushindilia, ile ya kutia baruti kwa mdomo wa mtutu na kuipigilia kwa ufito. Ndani ya kitenzi hiki kuna kupiga kwa kurudia, kuna tabaka, na kuna mtu anayefanya kazi. Ndicho Ralph Proctor alichokiwekea kanuni mwaka 1933 huko Los Angeles. Kwa kipimo cha kawaida chenye kopo la lita 1, udongo unawekwa kwa matabaka 3, kila tabaka pigo 27, kwa nyundo ya kilo 2.5 inayoachiwa kutoka milimita 300. Kipimo kizito ni matabaka 5, nyundo ya kilo 4.5, kimo milimita 450, mapigo yaleyale 27. Kitendo chenyewe kiiteni “ushindiliaji”, na hali iliyofikiwa “mshindilio”. Mkitumia moja kwa yote mawili mtapata sentensi za ajabu kama “ushindiliaji ulikuwa asilimia 95”, ambayo inasikika kana kwamba kibarua aliacha kazi kabla ya kuimaliza. “Mshindilio umefikia asilimia 95” ndiyo sahihi. Na hiyo nayo ni asilimia ya nini? Ya densiti (uzito wa kila mita ya ujazo) ya juu kabisa iliyopatikana maabara. Kama maabara ilipata tani 1.83 kwa mita ya ujazo, na kiwanjani mkapata 1.74, mshindilio ni asilimia 95. Unaweza kupita 100 pia, ikiwa mashine ya kiwanjani imepiga kwa nguvu kuliko nyundo ya maabara.

Angalieni pia “densiti kavu” mliyoiandika kila ukurasa. Densiti haikauki. Ni densiti ya udongo mkavu: mnachukua densiti ya udongo pamoja na maji yake, tuseme 2.05, mnaigawa kwa 1 jumlisha unyevu. Unyevu ukiwa asilimia 14, mnagawa kwa 1.14, mnapata 1.80. Na kile kiwango cha maji kinacholeta densiti kubwa kabisa kinaitwa “unyevu mwafaka”. Sipendi “unyevu bora”, kwa kuwa si bora kwa kila kazi, unaafiki nguvu ile ya mapigo tu. Mkibadilisha nyundo, unyevu mwafaka nao unahama: kwa nyundo nzito unapungua. Udongo ukiwa mkavu mno mabonge yanakataa kuvunjika. Ukiwa na maji mno, maji yameshika nafasi ambayo chembe zingeingia, na nyundo inadunda bila faida. Kama alama zenu kwenye grafu ya densiti na unyevu hazikutoa kilima, ulizaneni kama mlitumia udongo uleule kwa kila kopo, maana mapigo yanavunja chembe na kuugeuza udongo, au kama mlichanganya maji na kupiga hapohapo. Udongo wa mfinyanzi unafungwa kwenye mfuko ukanywe maji usiku kucha kwanza.

Kipimo cha odomita ni habari nyingine. Kipande cha udongo kisichovurugwa, kipenyo milimita 75, kimo milimita 20, kinakaa ndani ya pete, juu na chini kuna visahani vya mawe yenye vinyweleo, na vyote viko ndani ya maji. Unaweka mzigo, unasoma kushuka kwa kimo kwa saa 24, kesho unauzidisha mzigo mara mbili. Hakuna anayepiga kitu. Mzigo umetulia, na maji ndiyo yanayotafuta njia ya kutoka, polepole, kadiri matundu yanavyoyaruhusu.

Nimekutana na taarifa zinazoita hali hii “uimarishaji wa udongo”. Hilo ni neno la vyama na mashirika, limeingizwa maabara kwa kosa la kamusi, na linapotosha: msomaji wa kijijini atadhani mmeweka saruji. Pendekezo langu, ambalo ni pendekezo tu, ni “kukamuka”. Nazi iliyokunwa ikiwekwa kwenye kifumbu na kukamuliwa, tui linatoka na machicha yanabaki yamebanana. Udongo wa mfinyanzi ulioshiba maji ukielemewa na jengo unakamuka hivyohivyo, tofauti ni kwamba kifumbu kinachukua dakika na udongo unaweza kuchukua miaka. Kauli ya kutendeka inafaa kuliko “kukamuliwa”, kwa sababu hakuna mkono unaokamua. Na kile ambacho kamati itakiona kwa macho, yaani jengo kushuka, tayari kina neno lake: kutitia. Nyumba imetitia. Andikeni: “udongo huu hukamuka polepole chini ya mzigo, hivyo jengo linaweza kuendelea kutitia muda mrefu baada ya kukamilika”. Msiandike “kuzama”, kuzama ni kwa mashua.

Kwenye vikomo vya Atterberg mwenzenu amechekwa kwa haki, lakini kosa kubwa zaidi ni lile la kutaka kumsahihisha kwa kuandika “kikomo cha unyumbufu”. Kitu kinachonyumbuka kinavutika na kurudi kilivyokuwa, kama mpira wa manati. Udongo wenu haurudi. Ukibonyezwa unabaki na alama ya kidole. Kitenzi chake ni kufinyanga, na sifa yake ni kufinyangika. Kwa hiyo: “kikomo cha kufinyangika” kwa ule unyevu wa chini, ambao chini yake udongo humong’onyoka, na “kikomo cha umajimaji” kwa ule wa juu, ambao juu yake udongo huwa kama uji. Tofauti ya viwili hivyo ni “upeo wa kufinyangika”. Kwenye matokeo yenu, 68 toa 29, upeo ni 39, na hiyo ni namba inayosema udongo unafinyangika sana. Namba hizi nazo ni asilimia za udongo mkavu.

Vitenzi vya kuelezea kazi yenyewe navyo mviangalie. Mmeandika kwamba udongo “ulisokotwa”. Kusokota ni kupinda nyuzi ziwe kamba. Udongo mnauviringisha kwa kiganja juu ya kioo mpaka uwe kama tambi yenye unene wa milimita 3. Ukianza kumong’onyoka katika unene huohuo, umefika kikomo cha kufinyangika. Ukimong’onyoka bado mnene, ni mkavu mno, na ukifika milimita 3 ukiwa mzima unakusanywa na kuviringishwa upya. Jambo linaloharibu hapa ni haraka: ngozi ya nje inakauka, ndani bado laini, tambi inapasuka nanyi mnadhani mmefika.

Kwa kikomo cha umajimaji mmetumia kisahani cha Casagrande. Mnapasua mfereji katikati ya udongo, mnazungusha mkono wa kifaa, unaoinua na kuangusha kisahani, mapigo 2 kwa sekunde, na mnahesabu mpaka kingo mbili za mfereji zikutane kwa urefu wa milimita 13. Mmeandika “mfereji ulizibwa”. Haukuzibwa na mtu. “Ulijifumba”, kama jicho. Unyevu unaojifumba kwa mapigo 25 ndio kikomo, na unasomwa kwenye grafu yenye alama nne au zaidi. Hakikisheni kisahani kinaanguka milimita 10 kamili. Kikianguka kutoka juu zaidi mfereji hujifumba mapema na kikomo kinatoka kidogo kuliko ukweli. Mkifanya kwa koni, ile ya gramu 80 inayoachwa izame kwa sekunde 5, kikomo ni unyevu unaoiruhusu kuingia milimita 20. Taarifa iseme mmetumia kipi, kwa kuwa majibu hayalingani kila mara.

Yamebaki madogo. Mmeuita udongo huo “udongo wa mbuga”, na kwa Shinyanga hakuna atakayewauliza: ni ule mweusi unaovimba masika na kupasuka nyufa kiangazi. Nje ya Usukumani ongezeni “mfinyanzi mweusi”, kwa sababu wengine wakisikia mbuga wanawaza tembo. Mkimpelekea mtu wa Nairobi, kumbukeni kwamba huko wengi wanaita udongo wowote mchanga. Kwenu mchanga ni chembe za kati ya milimita 0.06 na 2 tu, juu yake changarawe. Kokoto ni jiwe lililopondwa, msiiweke kwenye jedwali la udongo wa asili. Chembe zilizo kati ya mchanga na mfinyanzi hazina neno lililotulia. “Silti” inatosha, mkieleza mara moja kwamba ni laini kama unga na ikikauka haishikani.

Mwisho, sentensi yenu “udongo ulipepetwa kwa ungo wa 0.075”. Ungo hauna matundu, na kupepeta ni kutenga makapi kwa upepo. Udongo huchekechwa kwa chekeche. Tena udongo wa namna hii ukichekechwa mkavu, mfinyanzi hubaki umeganda kwenye chembe za mchanga na kuhesabiwa kama mchanga. Inabidi uoshwe juu ya chekeche la milimita 0.075 mpaka maji yanayopita yawe safi, kinachobaki kikaushwe, ndipo kichekechwe. Kwa hiyo andikeni “ulioshwa na kuchekechwa”, kama kweli mliuosha.