Andika pari yako mwenyewe kwenye kadi

Jumamosi moja mwezi uliopita nilirudisha kadi ya gofu yenye pointi 36, na dreva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, ilitoka kwenye begi mara nne tu. Wenzangu wakadhani naumwa mgongo. Sikuwa naumwa chochote. Siku hiyo nilikuwa nimeingia uwanjani na hesabu niliyoifanya usiku uliotangulia, mezani, kwa penseli.

Nianze na hesabu yenyewe, maana bila hiyo mengine yote ni porojo. Handikapu yangu, yaani mikwaju ya ziada ninayopewa kwa kuwa si hodari, ni 22. Kila kadi ina safu inayopanga mashimo kwa ugumu, kuanzia 1 hadi 18. Mwenye 22 hupewa mkwaju mmoja wa ziada kila shimo, halafu ile minne iliyobaki huongezwa kwenye mashimo manne magumu kuliko yote. Kwa hiyo shimo la pari 4, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju minne, kwangu ni 5, na kama ni miongoni mwa yale manne, ni 6. Kwenye Stableford, mtindo wa kuhesabu kwa pointi, nikifikia namba yangu hiyo napata pointi 2. Mara 18 ni 36. Basi mimi huikata pari iliyochapwa, naandika yangu pembeni. Ile iliyochapwa waliiweka kwa ajili ya watu wengine.

Dar tuna Gymkhana pale mjini karibu na bahari, na Lugalo ya wanajeshi, vyote vya mashimo 18. Uwanja ninaoueleza hapa siutaji, kwa sababu wenzangu wa Jumamosi wakisoma wataanza kuulizana nani kasemwa. Chukua aina ya shimo, ukaitafute kwenu.

Shimo la 1 halina maneno mengi. Ni saa moja asubuhi, mwili bado umelala, na barazani kuna watu na vikombe vya chai wanaokutazama. Piga fimbo unayoiamini. Mimi hupiga fimbo namba 6, mpira unakwenda si mbali lakini naukuta. La 2 na la 3 ni hivyo hivyo.

La 4 ndilo lililonifundisha. Pari 3, yadi 150, mbele ya grini, zile nyasi fupi zenye tundu, kuna mfereji wa maji, na bendera mara nyingi huchomekwa kulia, palepale ukingoni. Kwa mwaka mzima nilikuwa naipigia bendera. Siku moja wa kwanza ukazama. Nikaongeza wa adhabu, nikapiga wa tatu, ukazama. Wa tano, ukazama. Wa saba ukafika, nikasukuma mara mbili hadi tunduni, tisa. Nikamgeukia kedi wangu, mzee aliyebeba mabegi pale tangu mimi niko sekondari, nikamwambia leo fimbo hii ina mkosi. Akanijibu taratibu, "Bosi, fimbo haina macho. Wewe ndiye unayeangalia maji."

Siku hizi nachukua fimbo moja ndefu zaidi na kuilenga kushoto, katikati ya grini, kana kwamba bendera haipo. Nikizidisha, naangukia nyasi za nyuma, na kutoka hapo namba yangu 4 bado inapatikana. Wakubwa nao hawasalimiki na kishawishi hiki. Shimo la 12 la uwanja wa Augusta, huko Marekani, ni pari 3 ya yadi 155 tu, na mwaka 2016 Jordan Spieth aliyekuwa anaongoza siku ya mwisho ya mashindano ya Masters alizamisha mipira miwili hapo akaandika 7. Mwaka 2019 wapinzani wa Tiger Woods walizamisha, yeye akaupeleka mpira kushoto, mbali na bendera, akatoka na 3 yake. Akashinda.

La 7 ndilo namba moja kwa ugumu. Pari 4, yadi 430, na linaelekea baharini. Mgeni huuliza upepo wa leo unatoka wapi, na jibu ni kwamba hapa hauna nafuu: kusi inakuja usoni ikitokea kulia, kaskazi inakuja usoni ikitokea kushoto. Kinachobadilika ni upande wa kulenga tu. Wakati wa kusi nalenga mti wa kulia na kuuacha upepo uurudishe mpira, kaskazi ikishika nafanya kinyume. Na sipigi kwa nguvu. Ukiupiga mpira kwa hasira kinyume na upepo unapanda juu kama tiara, halafu unadondoka karibu na miguu yako. Chukua fimbo ndefu, ishike chini kidogo, piga kama unayefagia. Namba yangu hapa ni 6: mikwaju minne kufika, miwili kusukuma. Siku nitakayofika kwa mitatu nitafurahi, lakini siipangi.

Masika hesabu hii inabanwa. Ardhi imelowa, mpira unaangukia na kulala hapohapo, hautambai hata hatua tatu. Ongeza fimbo moja kila mahali na usimlaumu mtu.

La 11 ni pari 5 ya yadi 480, na hapa ndipo wanaume tunapoonyeshana. Dreva, kisha fimbo ya mti kutoka kwenye nyasi, kisha kutafuta mpira vichakani. Fanya hesabu nami: dreva yangu ya kawaida ni yadi 190. Fimbo namba 7 yangu ni yadi 145. Dreva moja na namba 7 mbili ni 480 kamili. Sijapiga mkwaju wowote wa ajabu, na niko grini kwa mitatu. Namba yangu ni 6, hivyo naruhusiwa hata kusukuma mara tatu. Nilipoiona hesabu hii mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni, mke wangu akauliza kuna nini.

La 14 lina ukuta upande wa kulia, na nje ya ukuta ni barabara. Niliwahi kupeleka mpira huko nikasikia bodaboda ikifunga breki, nikakaa kimya kama niko msikitini. Hakuna aliyeumia, ila tangu siku hiyo dreva hailioni shimo la 14. Mpira ukikutoka na huna hakika kama umevuka, kabla hujasogea tamka wazi kwamba unapiga mpira wa akiba, ndipo upige. Usipotamka, huo wa pili ndio unaohesabika, na wa kwanza hata ukiukuta umekaa vizuri nyasini hauna kazi tena. Muda wa kutafuta nao ni dakika 3 tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2019, si 5 kama wazee wanavyoendelea kubishana.

La 16 ni la kunguru. Wa mji huu mnawajua: wanaiba sabuni, wanaiba kijiko, na mpira mweupe wanaudhani yai. Kama kuna aliyemwona akiuchukua, weka mpira mwingine pale ulipokuwa, bila adhabu. Kama hakuna aliyeona, una mpira uliopotea. Kwa hiyo shimo hilo mtu mmoja wetu hutangulia mbele kulinda, na mimi hupendekeza awe yule anayetudai soda.

La 17 nalipita, sijalielewa bado. Kila mpango niliolijia nao umenishinda, na hapa namsikiliza kedi tu.

Kwenye la 18 kosa ni kujumlisha. Jumamosi ile nilifika hapo na pointi 34 na nilijua, kwa sababu nilichungulia kadi. Mikono ikawa mizito. Namba yangu ilikuwa 5. Nikashika dreva. Mzee hakusema neno, akanyoosha mkono akanipokonya, akanipa fimbo namba 6, ileile ya asubuhi, akageuka kutazama baharini.