Mfalme aliyezijua nyota, nyumba ikamshinda

Assalaam alaykum wasomaji wetu wa Unguja na Pemba. Toleo lililopita niligusia mistari miwili tu habari za mfalme Alfonso wa 10 wa Castilla, yule wa Uhispania waliyemwita el Sabio, yaani mwenye elimu na hekima, na barua zilivomiminika sikutegemea kabisa. Leo najibu nne, na moja kati ya hizo imenikaa moyoni kwa hivo iyo ntaiandika kwa urefu, mnivumilie.

SUALI: Maalim shkamoo. Mie mwanafunzi wa skuli huku Wete. Huyu mfalme aliandika vitabu mwenyewe au aliandikiwa tu? Na kweli walimu wake walikuwa Waislamu?

JAWABU: Marahaba mwanangu. Vingi aliandikiwa, lakini si kwa maana ya kukaa akasubiri. Yeye ndo aliyekuwa akichagua kitabu gani kifasiriwe, anasoma, anakosoa, anasema hapa pafutwe hapa paongezwe, na lugha ya Kihispania anaitengeneza mwenyewe isomeke vizuri. Kazaliwa Toledo tarehe 23 Novemba 1221, mji ambao Waarabu walikuwa wakiuita Tulaytula, uliojaa vitabu vya Kiarabu. Hata kabla hajawa mfalme, mwaka 1251, alishafanya Kalila wa Dimna, kile kitabu cha visa vya wanyama, ifasiriwe kutoka Kiarabu. Mwaka wa pili yake baba yake Fernando wa 3 akafa, akakalia kiti.

Kazi kubwa ni ya falaki. Miaka ya 1263 mpaka 1272 wanazuoni wawili wa Kiyahudi, Yehuda ben Moshe na Isaac ibn Sid, walikaa Toledo wakipima jua na nyota kwa amri yake, na msingi wao ulikuwa hesabu za az-Zarqali, Muislamu aliyefanya kazi yake mji ule ule karne mbili nyuma. Yakatoka majedwali ambayo Ulaya ilikuja kuyatumia karibu miaka 300, hata Copernicus, yule mtaalamu mkubwa wa nyota, alikuwa na nakala yake. Humo mwaka wa jua wameuhesabu siku 365, saa 5, dakika 49 na sekunde 16. Vipimo vya leo vinakwenda tofauti na hapo kwa nusu dakika tu! Bila kompyuta, bila darubini, wallahi kila nikiisoma hii nastaajabu upya.

Na mji wa Murcia kulikuwa na mwanachuoni Muislamu, al-Riquti, akisomesha Waislamu, Wakristo na Mayahudi, kila watu kwa lugha yao, na mfalme akimheshimu. Lakini usije ukadhani alikuwa rafiki wa Waislamu moja kwa moja, la. Waislamu waliobaki chini yake waliinuka dhidi yake mwaka 1264 na wengi wakatolewa kwenye miji yao. Yote mawili ni kweli kwa mtu mmoja, yaandike yote mawili kwenye daftari lako.

SUALI: Nimesikia kwamba alitaka kumuacha mkewe kwa kuwa hazai, akaagizia mke mwengine kutoka Norwei. Bibi wa Michenzani.

JAWABU: Bibi yangu, hadithi hiyo ipo, ila tarehe zinaikataa. Mkewe Violante, binti wa mfalme Jaime wa Aragon, alimuoa 1249, na binti yao wa mwanzo Berenguela kazaliwa 1253, Fernando akafuata 1255. Binti wa Norwei, Kristina, mtoto wa mfalme Haakon, kafika 1258 nyumba ishajaa watoto. Akaolewa na Felipe, mdogo wake mfalme, kijana aliyekuwa akiandaliwa uaskofu akauacha. Masikini hakuishi sana, 1262 akafa Sevilla, mbali na kwao.

SUALI: Maalim, mimi baba wa watu wazima hapa Chake. Mwanangu mkubwa amefariki ameacha watoto wawili wadogo, na ndugu zake washaanza maneno ya nani atashika nyumba na mie bado ni mzima. Umesema huyo mfalme alipigana na mwanawe kwa jambo kama hili. Naomba nieleze vizuri ilikuwaje.

JAWABU: Ndugu yangu, kwanza pole sana, Mwenyezi Mungu amrehemu mwanao na akupe subira. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Mwaka 1275 Alfonso alikuwa Ufaransa, mji wa Beaucaire, anazungumza na Papa Gregory wa 10. Mama yake alikuwa wa ukoo wa wafalme wa Ujerumani, na tangu 1257 baadhi ya wakubwa wa kule walimchagua awe mfalme wao, wengine wakamchagua Muingereza, basi karibu miaka 20 anamwaga fedha za nchi yake akiitafuta dola ile, na siku hiyo Papa akamwambia iache. Wakati huo huo jeshi la Moroko limevuka bahari, na mwanawe mkubwa Fernando aliyeachiwa nchi akaondoka kwenda kupigana, njiani akaumwa akafa, miaka 19. Kaacha watoto wawili, mkubwa wa miaka mitano na mdogo mchanga. Mtoto wa pili wa mfalme, Sancho, miaka 17, akalishika jeshi, akazuia adui, watu wakampenda.

Sasa baba anarudi, kakosa ile dola na kazika mwana, na anakuta suali mlangoni: nani mrithi, mjukuu au Sancho? Mila za zamani za Castilla zilikuwa zinasema mwana aliye hai. Lakini Alfonso mwenyewe alishatungisha kitabu kikubwa cha sheria, Siete Partidas, na humo imeandikwa kwamba mkubwa akifa kabla ya baba, haki yake inashuka kwa mtoto wake. Akasitasita, akaelekea kwa Sancho, na 1278 Sancho akatambuliwa mrithi. Mwaka huo huo mkewe Violante akawachukua wale wajukuu wawili akakimbilia kwao Aragon. Hebu fikiria bibi mzima anavuka mpaka na wajukuu mkononi anawakimbiza kwa ndugu yake, mfalme Pedro wa 3. Mwaka mmoja kabla, mfalme alimuua ndugu yake Fadrique bila hukumu yoyote, na mpaka leo wanahistoria wanabishana kwa sababu gani. Mtu aliyeandika sheria! Hapo mie humlaumu wala sitafuti cha kumtetea.

Alafu akaanza kugeuka, akataka wajukuu nao wakatiwe fungu la nchi. Sancho akakataa. Mwaka 1282 wakubwa wakakutana Valladolid wakamvua mamlaka mzee, wakamuachia jina la ufalme tu, na Violante safari hii akawa upande wa Sancho. Aliyebaki na baba ni Beatriz, binti aliyemzaa nje ya ndoa, wakati huo mjane wa mfalme wa Ureno, kaja mpaka Sevilla kukaa nae. Na Sevilla yenyewe haikumtupa, watu wa mji ule mpaka leo wanasema alama yao ya NO8DO maana yake ni hiyo, kwamba mji haukuniacha.

Na nani mwengine alimsaidia? Sultani wa Moroko, Abu Yusuf Yaqub, yule yule ambae vita vyake ndo vilimtoa Fernando nyumbani. Alfonso aliweka taji lake rehani kwake akapewa dhahabu, na Ibn Khaldun ameisimulia habari hiyo. Akamlaani Sancho hadharani, akamtoa kwenye urithi, na tarehe 4 Aprili 1284 akafa Sevilla. Sancho akawa mfalme vile vile. Na ile sheria ya wajukuu? Kile kitabu kilikuja kutiwa nguvu nchini mwaka 1348, na mfalme aliyekitia nguvu ni Alfonso wa 11, mjukuu wa Sancho huyo huyo.

Kwa upande wako ndugu yangu, sisi tuna faraidhi zetu, na unajua kwamba kwa Masunni mwana aliye hai anamzuia mjukuu. Lakini wewe u hai, unaweza kuwaandikia mayatima hao wasia usiozidi thuluthi, au ukawapa hiba sasa hivi kwa mkono wako. Nenda kwa Kadhi wiki hii, na wale vijana wako nenda nao, wasikie wenyewe mbele yako. Alfonso alikuwa anampa huyu leo na yule kesho, mlango umefungwa, kila mmoja anasikia kwa watu. Hilo ndo lililomuangamiza, naamini hivo kabisa. Usingoje.

SUALI: Alipobakiwa na Sevilla tu alifanya nini, alikaa analia? Na kweli mwezini kuna jina lake? Kijana wa Jambiani.

JAWABU: Mdogo wangu, 1283, mwaka mmoja kabla ya kufa, mgonjwa na karibu nchi yote imemtoka, alimaliza kitabu cha michezo: sataranji, dado na michezo ya ubao. Picha zake kama 150, na moja anaonekana Muislamu na Mkristo ndani ya hema wanacheza sataranji, mikuki imesimama nje. Mwanzoni kuna kisa cha mfalme wa Hindi na wenye hekima watatu, mmoja anasema akili ndo bora, mmoja bahati, wa tatu anasema mtu ashike zote mbili.

Mwezini ndio, lipo. Subiri mwezi ufike siku ya nane, baada ya Isha hapo pwani anga likiwa safi, chukua darubini ufuate mstari unapokutana mwanga na kiza, karibu na katikati. Utaona mashimo matatu makubwa yamepangana. La kati, upana wake zaidi ya kilomita 100, ndo Alphonsus. Upande mmoja amekaa Ptolemaeus, na upande wa pili Arzachel, ambae ndo yule az-Zarqali wetu wa Toledo.