Soma hati ya mashtaka kabla hujamuahidi mtu dhamana

Wenzangu mnaoanza usaidizi wa sheria hapa Pemba, mtu akikujieni mbio kwamba mwanawe kashikwa, msimtume kwa sheha, kiongozi wa mtaa wake, kutafuta barua ya mdhamini mpaka mmeiona hati ya mashtaka.

Mimi niliwahi kumtuma. Bimkubwa mmoja alifika mahakamani Chake Chake saa moja na nusu asubuhi, kafunga pindoni mwa leso barua ya sheha na kitambulisho cha kaka yake, na mkononi ana shati la mwanawe kalipiga pasi, la kurudia nyumbani. Nilikuwa nimemwambia, "Leo anatoka, inshaallah." Hakimu akasoma kosa, akasema halina dhamana, kesi ikaahirishwa wiki mbili. Bimkubwa hakulia. Alinitazama, akalikunja lile shati upya.

Kwa mauaji, na kwa ubakaji chini ya Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya Zanzibar Namba 7 ya 2018, hakimu hana la kupima kuhusu dhamana. Msimlaumu. Mwenye ufunguo ni upande wa mashtaka, ulioandika shtaka.

Wala sheria haikukazwa bure. Mnajua yalivyokuwa: mtuhumiwa anatoka asubuhi, jioni wazee wako barazani kwa mama wa mtoto aliyebakwa wakizungumza sulhu, na siku ya ushahidi mtoto keshapelekwa Unguja kwa shangazi yake. Hilo bado linaniuma.

Hata hivyo, naamini uamuzi urudishwe kwa hakimu, na masharti yawe makali: mshtakiwa asikanyage shehia ya mtoto, aripoti polisi kila wiki. Akinyimwa, basi kesi yake iwekewe muda. Bara walijaribu kupitia mahakama. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu chao kinachofunga dhamana kinapingana na Katiba, na mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Rufani hiyohiyo ndiyo inayosikiliza rufaa zetu, kwa hiyo mimi naona mlango wetu ni Baraza la Wawakilishi, linalotunga sheria za Zanzibar.

Kwa sasa, kazi yenu ni tarehe. Mfundisheni aliye rumande na jamaa zake waandike kila ahirisho na sababu yake: shahidi hakuja, ripoti ya daktari haijafika, jalada halijarudi. Upande wa mashtaka ukiomba siku nyingine, mshtakiwa asimame amsomee hakimu orodha yote, kwa adabu. Daftari la bimkubwa yule lilifika mistari kumi na moja kabla shahidi wa mwisho hajasikilizwa.