Kofia ya viua: vitundu vyake ni vya mkono

Hapana ndugu unayesema vitundu vya kofia ya viua, ile kofia ya duara iliyodariziwa, vinaunguzwa au vinakatwa: vile vya kofia ya mkono haviunguzwi wala havikatwi kwa mkasi. Vinatobolewa kwa sindano, kisha ukingo wake unazungushwa uzi mshono kwa mshono mpaka tundu likae wazi. Nyumbani kwetu Wete, Pemba, bibi alikuwa anashona baraza ya nyuma baada ya alasiri, na sie wajukuu kazi yetu ilikuwa kumtungia uzi tu, macho yake hayakuweza tena. Nguo ni mbili zilizolaliana, ndiyo maana kofia inasimama. Kifuniko cha juu na ule mkanda wa pembeni hudariziwa mbali mbali, mwisho ndio vinaungwa. Kofia moja ilimchukua wiki kadhaa, na akipata harusi ya kupikia ndio kazi inalala kabisa.

Ukitaka kujua ya mkono na ya cherehani, igeuze ndani. Ya mkono vitundu vinapenya moja kwa moja na havilingani sawasawa, kimoja kimebinywa, chengine kimepanuka. Ya cherehani viua ni pacha watupu, na chini utaona uzi wa pili umepita. Ila angalia, zipo zilizodariziwa kwa cherehani zikaunganishwa kwa mkono, hizo muuzaji atakwambia "ya mkono hii" na hasemi uongo wote.

Na ukifua usiikamue. Ivishe juu ya kopo ikauke na duara lake.