Anza na Breki: Ushauri kwa Anayetaka Kujijengea Baiskeli ya Umeme

Mtu wa Tanga akiandika habari za baiskeli hashangazi mtu, kwa kuwa mji wetu ni tambarare na baiskeli ndiyo chombo cha mwalimu, cha muuza samaki na cha mwanafunzi. Kinachowashangaza watu ni kuniona nikitoka Ngamiani kwenda Raskazone, upepo wa baharini ukinijia usoni, nami napiga pedali kama mtu anayetembeza mawazo. Karibu kila ninaposimama huulizwa mota ni ya wati ngapi. Hakuna aliyewahi kuniuliza baiskeli inasimama baada ya mita ngapi. Hata mimi nilipoanza kuijenga sikujiuliza, na uzembe huo ulinigharimu uma mbili za mbele, yaani zile panda zinazoshika gurudumu, mota moja na ngozi ya kiwiko.

Nilichokitaka ni kruza, yaani baiskeli yenye matairi manene, usukani mpana uliorudi nyuma, na kiti kipana kinachomkalisha mpandaji wima kama aliye barazani. Asili yake ni Marekani, ambako mwaka 1933 kampuni ya Schwinn ya Chicago ilitoa baiskeli yenye matairi ya upana wa inchi 2.125 yanayojazwa upepo kidogo. Tairi la namna hiyo humeza shimo badala ya kulipeleka mgongoni, na ndiyo maana linafaa sana katika barabara zetu za vumbi. Wengi huanza na Phoenix kwa sababu ipo nyumbani, lakini rimu zake za inchi 28 na uwazi mdogo wa uma wake havipokei tairi nene. Ni afadhali kutafuta fremu ya chuma ya mtumba ya gurudumu la inchi 26, na uende dukani na tairi mkononi, ulipachike palepale uone kama linapita bila kugusa.

Usukani niliutengenezea kwa fundi wa kuchomelea. Bomba likikunjwa tupu hubonyea kwenye kona, kwa hiyo tulilijaza mchanga mkavu, tukalishindilia, tukaziba ncha kwa vigingi vya mti, kisha tukalipasha moto na kulikunja polepole. Fundi aliukaanga mchanga ule kwanza juu ya bati kwa sababu unyevu ukibaki ndani hugeuka mvuke na kigingi kinaweza kuruka kama risasi. Kazi hiyo ilipendeza. Kosa langu lilikuwa kumwomba pia arefushe uma wa mbele, kwa tamaa ya kufanana na pikipiki za kwenye picha. Baiskeli ilikwenda vizuri katika mwendo wa kasi, lakini nilipopunguza mwendo sokoni gurudumu lilianguka upande lenyewe, usukani ukanivuta, na nikajikuta nimekaa katikati ya matenga ya nyanya. Kabla ya kubadilisha urefu au mlalo wa uma, jua kwamba unabadilisha tabia ya usukani mzima.

Sasa breki. Nguvu inayopaswa kumezwa na breki haiongezeki sambamba na mwendo, bali kwa mraba wake: ukitoka kilomita 15 kwa saa kufika 30, mwendo umekuwa maradufu lakini kazi ya breki imekuwa mara nne. Ongeza uzito wa mota na betri, ambao kwangu unafikia kilo saba hivi, halafu kumbuka kwamba rimu ya chuma iliyong'arishwa ikilowa mvua za masika raba za breki huteleza juu yake kana kwamba imepakwa sabuni. Baiskeli nyingi za kruza zina breki ya miguu, ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Ni nzuri kwa kuwa imejificha ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, na haijali mvua, ila ina mpaka wake. Miaka ya 1970 vijana wa Marin County, California, walizoea kushuka milima ya huko kwa kruza kuukuu za Schwinn, na breki hizo zilipata moto hadi grisi ikaungua ikatoka moshi, wakalazimika kufungua habu na kujaza grisi upya. Njia waliyoshukia iliitwa Repack kwa sababu hiyo. Tanga hatuna mlima wa kuunguza grisi, lakini breki moja ya nyuma haitoshi popote, kwani unaposimama ghafla uzito hukimbilia mbele na gurudumu la nyuma hubaki likiburuzika. Mimi nilibakiza ya miguu nyuma, kisha mbele nikaweka rimu ya alumini yenye breki ya kubana, na sikugusa waya wa umeme hadi nilipoweza kusimama pale ninapotaka.

Ukiwa na breki ya miguu, mota ya ndani ya gurudumu haina budi kukaa mbele, kwa kuwa ikikaa nyuma itaifukuza habu yenye breki. Na hapo ndipo uma unapojaribiwa. Ekseli ya mota haizunguki. Kinachozunguka ni habu, na kila habu inaposukumwa mbele, ekseli husukumwa nyuma kwa nguvu ileile. Kinachoizuia ni pande zake mbili bapa zilizobanwa katika midomo ya uma. Baada ya ule uma mrefu nilikuwa nimenunua wenye shokomzoba, mzuri wa kutazama, ambao midomo yake ilikuwa ya alumini. Wiki ya pili, kwenye kona ya Raskazone, nilivuta moto wote kutoka mwendo wa kusuasua, nikasikia mlio wa kitu kinachochanika na gurudumu likakaa kombo. Niliposhuka, kiwiko kinavuja damu, nilikuta midomo ya uma imepanuka kama ya changu aliyenaswa, ekseli imejizungusha, na nyaya za mota zimesokotwa juu yake kama kamba ya mkonge kisha zikakatika. Uma wa tatu ni wa chuma kitupu, hauna shokomzoba, na umewekewa mkono wa chuma unaoishika ekseli na kufungwa kwenye mguu wa uma. Kipande hicho ni kidogo na wauzaji wengi hawakitaji kabisa. Usiondoke dukani bila hicho.

Kuhusu wati, mimi ni mtu wa kiasi. Nchi za Umoja wa Ulaya huihesabu baiskeli ya umeme kuwa baiskeli ikiwa mota yake haizidi wati 250 na inaacha kusaidia ifikapo kilomita 25 kwa saa, na kwa barabara za Tanga kipimo hicho kinanitosha. Vijana wa mtaani huniambia nivute mafuta, ingawa hakuna tone la mafuta ndani yake, lakini furaha ya kruza si kuwapita bodaboda.

Katika betri usitafute rahisi. Ya kwanza niliuziwa imeundwa kwa seli za kompyuta zilizochoka. Kipimo kilionyesha nusu, kisha umeme ukakatika njiani kwa sababu seli dhaifu huzivuta nzima chini. Betri ya volti 36 huwa na seli 10 kwa mfuatano, na ikijaa hufika volti 42, hivyo chaja yake ni ya volti 42 na si nyingine. Zidisha volti kwa ampia-saa upate akiba yako: yangu ya ampia-saa 13 ina wati-saa 468. Nikisaidia kwa pedali natumia kama wati-saa 12 kwa kilomita, lakini sipangi safari inayozidi kilomita 30, maana sipendi kuikausha. Kuijaza hakumalizi hata uniti moja ya LUKU. Naichaji juu ya sakafu ya saruji nikiwa macho, kamwe si chini ya kitanda, kwa kuwa betri ya lithiamu ikishika moto si rahisi kuuzima. Betri ikae chini katikati ya fremu, isiwe kwenye keria, na kila waya ushuke kwanza chini kabla ya kupanda kuingia kwenye kontrola, kile kisanduku kinachoongoza mota, ili maji ya mvua yadondokee hapo kwenye pindo badala ya kuufuata hadi ndani.

Hewa ya chumvi hulegeza na kula kila kitu hapa pwani. Nimechukua rangi nyekundu ya kucha ya mke wangu, nikachora kila upande mstari mmoja unaoanzia kwenye nati ya ekseli hadi kwenye uma. Asubuhi kabla ya kutoka naangalia upande wa kulia, kisha wa kushoto. Mistari ikiwa imeachana, spana inatangulia, safari inafuata.